Kilio cha Mahindi ya Kapata

Siku yangu ya kwanza kazini kama agronome, yaani bwana shamba, katika ofisi ya kilimo ya Dilala, nilipewa jembe, daftari na kanuni moja. Mkuu wa Huduma, mtu mnene asiyevua suti nyeusi, aliniambia: "Agronome, jani ikikuwa ya manjano, iko mugonjwa. Ikijikunja, imekufwa. Andika."

Niliandika.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kapata, kwenye safu za nyumba za kampuni ya mgodi. Nyuma ya nyumba mojawapo, mjane aitwaye Mama Feza alilima mahindi, na hayo ndiyo yangekuwa bukari, ugali wa nyumba yake mwaka mzima. Msimu ule mvua ilikatika mahindi yakiwa kimo cha kiuno.

"Tata agronome, mahindi yangu iko na nini?"

"Iko na stress, mama."

"Stress ya nini? Haina bwana, haina batoto."

Nilimweleza. Jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kupitia humo mmea hupumua, na humo humo maji hutoka. Udongo ukikauka na jua likizidi, mmea huvifunga na kulikunja jani kama sigara, ili jua lipate mahali padogo pa kuchoma. Usiku mizizi hunywa kidogo, alfajiri jani hukunjuka. Likiamka bado limejikunja, hapo ndipo uogope.

"Kumbe inafunga duka saa sita," alisema.

Tatizo ni kwamba Mkuu alikagua mashamba saa sita tu. Asubuhi zake zilikuwa za wageni na chai. Alifika, akatazama mara moja.

"Imekufwa. Ugonjwa itapita kwa majirani. Kesho mung'oe yote."

"Shefu, tungengoja asubuhi, jani..."

"Uliandika kanuni ao hukuandika?"

"Niliandika, shefu."

"Basi."

Alipoondoka, Mama Feza aliniuliza: "Huyu shefu anakosaka kilio?"

Hakosi, nilimjibu. Hakuna msiba uliompita. Suti ilikuwa ya kazi hiyo.

Kesho yake, jua halijachomoza, habari ilimfikia Mkuu nyumbani: kuna kilio kwa Mama Feza. Alikuja mbio kwa pikipiki ya taxi-moto, kofia mkononi. Viti vilikuwa vimepangwa uani, majirani wamekaa, nami kati yao, akina mama wamejifunga vitambaa kichwani. Alimshika mwenye msiba mikono yote miwili.

"Pole, mama. Nani amekufwa?"

"Mahindi, shefu. Ulisema wewe mwenyewe. Pita, ukaiage."

Alipita nyuma ya nyumba. Mahindi yalikuwa yamesimama wima, majani mapana, yenye umande. Mkuu alizunguka mstari kwa mstari, akigusa jani hili na lile. Hakuna aliyecheka, na haikuwa rahisi.

"Marehemu iko muzima," alisema mwishowe. Kisha akaninong'oneza: "Futa ile kanuni. Na mi sikufika hapa."

Mvua ilirudi wiki iliyofuata. Mavuno yalipungua kiasi, maana jani lililofunga duka halipiki chakula, lakini bukari ya Mama Feza ilipatikana.

Sasa nimestaafu. Maagronome wa leo wana simu inayopiga jani picha na kutaja ugonjwa wake. Mimi huwauliza jambo moja tu: umepiga saa ngapi?

Nami jua likipanda, najikunja kitini penye kivuli. Juzi mmoja wao alinikuta hivyo, akamwuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama mzee ni mgonjwa.

"Hapana," mke wangu alisema. "Urudie asubuhi."