Njia ya Jumapili

Mshonaji alipopata kazi kiwandani, vyumba vya kupanga vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa nyuma ya kiwanda, ila mwenye nyumba hakutaka watoto. Kingine kilikuwa mbali, jirani na wifi yake, ambaye angemlea mtoto mchana. Jumapili alikwenda kuijaribu njia ya kutoka huko hadi kiwandani. Basi liliteleza tu, akafika getini kabla kifua hakijaanza kujaa maziwa. Akalipa kodi ya chumba cha mbali, roho kwatu.

Jumatatu magari yalijazana barabara nzima. Asubuhi alichelewa kazini, na jioni alirudi blauzi imelowa maziwa.

“Kumbe njia uliipima magari yakiwa yamepumzika,” wifi akamtania.

“Nilidhani barabara ni ileile, wifi yangu.”

Mtoto alikuwa ameshashiba uji, anasinzia begani kwa shangazi yake. Mama alipompokea, mtoto akageuza uso, akanyoosha mikono arudi kulekule.

“Kesho nitawahi kuamka.”

“Leo uliamka kabla ya jogoo. Kesho utawahi nini tena?”

 Mshonaji akamrudishia wifi mtoto, akasimama mlangoni akiwatazama, mikono mitupu.