Nilivyokwenda Kukagua Mji Nikarudi na Sadini

Kuna mji mmoja mdogo wa pwani, kusini mwa Isipingo kule Afrika Kusini, ambao karibu wakazi wake wote wameniona na gagulo. Siwalaumu, nilikuwa katikati ya ufukwe asubuhi kweupe, na hakuna mtu aliyenivua, nilianza kujivua mwenyewe na akili zangu timamu. Mnaanza kucheka kabla sijasimulia. Haya chekeni, mimi aibu hiyo nimeshaizoea, na mkinisikiliza hadi mwisho mtajua kwa nini naitembeza kifua mbele.

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa nasuka katika saluni ya Maman Béa, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, pale katikati ya Durban. Mtanzania nilikuwa peke yangu humo ndani, mtoto wa Pangani, na bila kujisifu (najisifu, lakini mnivumilie) hakukuwa na mkono mwingine mjini uliosuka rasta nyembamba kama wangu. Sasa Maman Béa alikuwa na wazo la kufungua saluni ya pili huko pwani, kwa sababu kina mama wa mji ule walikuwa wanapanda taxi mbili, ndizo daladala za kule, mpaka kwetu kuja kusuka, na akatamka mbele ya wote kwamba mji ukionekana unafaa na chumba kikipatikana, bosi wa kule nitakuwa mimi. Mimi Zuhura, baada ya miaka yote ya kusimama nyuma ya kiti cha mtu mwingine, niwe na mlango wangu na ufunguo wangu.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mama mmoja wa Kihindi, mjane, ambaye watu wote wa kule wanamwita Aunty Pillay. Nikampigia kutoka duka la simu la jirani yetu (wakati huo simu ya mkononi alikuwa nayo mtu na hadhi yake), na mdomo wangu ulipoona unasikilizwa ukaanza kwenda wenyewe, nikajitambulisha kuwa ni Madam Zuhura, mtaalamu wa nywele mwenye wateja Morningside, kwa matajiri. Nilikuwa na mteja mmoja Morningside, dada wa kazi za ndani kwa watu, lakini si analala huko huko? Basi si uongo. Aunty Pillay akaniambia mpangaji aliyetoka alimsumbua sana, kwa hiyo safari hii anataka mtu wa heshima zake au chumba kikae kitupu. Nikamwambia mama, usiwe na wasiwasi, utanijua kwa kilemba kikubwa cha njano.

Maman Béa akaniazima pagne zake za harusi, vile vitenge vyao, na mnajua mama wa Kikongo na pagne, ni kama amekuazima mtoto. Blauzi yake, pagne ya kwanza kiunoni, na ya pili juu yake kama wanavyofunga wao mama akiwa na cheo. Shida ilikuwa kichwa. Watu wanadhani msusi ana nywele nzuri, kumbe msusi anahangaika na vichwa vya wenzake wiki nzima na chake kinabaki kichaka, na changu wakati huo hata chanuo lilikuwa linaingia kwa kuomba. Lakini nilikuwa na wigi nililolisuka kwa mkono, rasta moja moja, nyembamba mno, la kuweka dirishani siku tukifungua. Nikalivaa, nikapiga kilemba juu yake, nikajitazama kwenye kioo, na wallahi nilimwogopa yule madam.

Maman Béa akanizunguka, akanikagua, halafu akanipa maagizo.

"Uende tu uangalie," akasema. "Saluni iko ngapi, taxi inasimama wapi, wamama wanapita wapi. Usikamate kitu. Na pagne yangu irudi vile inatoka hapa."

Nikafika mapema, miadi yangu na Aunty Pillay bado. Nikashuka kwenye taxi nikakuta mji mtupu. Barabara kubwa haina mtu, duka la nyama mlango wazi na muuzaji hayupo, hata kwenye robot, taa za barabarani kwa lugha ya kule, hakuna gari. Nikasema saluni hapa nitamsuka nani, mbwa? Mara akapita mama mmoja anakimbia na ndoo, nyuma yake mwingine na foronya ya mto, halafu mwanamume na tai yake ya ofisini, amekunja suruali, viatu mkononi. Nikauliza kuna nini, yule wa tai akanijibu bila kugeuka, sadini wamefika. Nami nikajiambia, Zuhura, umetumwa kuangalia watu wa mji, na watu wa mji wako baharini, nenda ukaangalie dakika moja tu halafu urudi dukani. Uamuzi wenyewe ni huo, mdogo kama mnavyouona.

Sasa mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu dagaa wanatafutwa usiku kwa taa, watu wanakesha, na wengine wanarudi mikono mitupu. Hapa kumbe kila majira ya baridi hawa sadini wanapanda kutoka kusini kwa makundi, na siku nyingine wanasukumwa mpaka ufukweni kabisa. Nilifika nikakuta maji yanametameta, wavuvi wanavuta wavu, samaki wanamwagika pembeni wanaruka mchangani, na mji mzima uko ndani ya maji, wazee, Wahindi, Wazungu, Wazulu, wanaokota kwa ndoo na kofia na sketi. Samaki wanakuja wenyewe miguuni mwa mtu, bure, mchana! Niliwaza nikiwapita hawa, bibi yangu kule aliko atanikana. Nikavua viatu, nikafungua ile pagne ya juu (ya juu tu, nilijiambia, ya chini si ipo), nikaitandaza majini kama wavu, nikaanza kuchota.

Nilichota vizuri, nisiwafiche, wenyeji wenyewe walisimama kuniangalia. Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nikasogea mbele kidogo kuwaonyesha mtoto wa pwani anavyofanya, nikaipa bahari mgongo, na maji ya kule si ya kwetu, hayabishi hodi. Wimbi likanipiga mgongoni nikaenda chini mzimamzima. Nilipoibuka nilikuwa nimekumbatia furushi langu la samaki, hata mmoja sikumwachia, lakini pagne ya chini ilikuwa imefunguka, naiona inaelea kwa mbali. Kilemba hakipo, wigi halipo. Nimesimama na blauzi ya harusi, gagulo jeupe lililolowa limenigandia, na kichaka changu chote nje kinachuruzika maji. Yule mwanamume wa tai, Mungu ambariki, akanirudishia ile pagne ametazama pembeni, lakini nayo ilikuwa imejaa mchanga, haifungiki, nikaisokomeza kwenye furushi.

Kumbe saa ya miadi imeshafika, ndipo nikamwona mama wa makamo wa Kihindi anashuka ngazi za ufukweni, miwani puani, ufunguo umening'inia kidoleni. Alinifuata mimi, pengine kwa sababu nilikuwa peke yangu niliyesimama bila kazi. Akanisalimia kwa upole, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimemwona madam mmoja kutoka Durban, mtu wa heshima, amevaa kilemba cha njano.

Nikamwambia hapana, Aunty, sijamwona.

Jamani, nilijikana. Nimesimama mbele ya ufunguo wa mlango wangu mwenyewe, ningenyoosha mkono ningeugusa, nikasema simjui. Aunty Pillay akashukuru, akakaa kwenye ukuta mdogo wa mawe kumsubiri madam wake, nami nikaanza kupiga hesabu ya kutambaa hadi taxi, nikamwambie Maman Béa kwamba mji haufai.

Mara mama mmoja akapiga ukelele ndani ya maji. Nomusa (jina nilikuja kulijua baadaye), yule niliyemwona na ndoo barabarani, alikuwa amechota kitu cheusi chenye mikia mingi, akakirusha mchangani, watu wakatawanyika wakisema ni pweza, mzee mmoja akakichokoa kwa fimbo. Lilikuwa wigi langu, na sadini wawili wamenasa ndani yake. Walipogundua ni nywele walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu Nomusa akaliokota, akalikung'uta, na kicheko chake kikakatika, akaanza kulipekua kama msichana wa sokoni anavyopekua kitambaa. Limepigwa na bahari, limefutwa mchangani, halijafumuka hata rasta moja. Likaanza kupita mkono hadi mkono, kina mama wanalivuta, wanalinusa, wanaguna. Mimi niko nyuma yao, na furushi langu.

Ndipo mmoja wao akasema hili si la mkono, hili ni la mashine, limetoka ng'ambo, binadamu hawezi kusuka hivi. Wenzake wakaitikia kwamba kweli, ni la kiwandani.

Gagulo niliweza kulivumilia. Kichaka niliweza. Lakini kazi ya vidole vyangu, iliyonikalisha mpaka mgongo ukakataa kunyooka, sifa yake ipewe mashine na mimi nimesimama hapo hapo? Sauti ikatoka kabla sijairuhusu.

"Nimelisuka mimi," nikasema. "Kwa mkono."

Wakageuka wote, wakatazama kichwa changu. Mlio wa kicheko kilichofuata siwezi kuwaelezea. Nomusa akafuta machozi akaniuliza, dada, na kichwa hicho? Nikamwambia kaa chini. Akakaa juu ya ndoo yake, anacheka bado, nikafuta vidole vyenye magamba ya samaki kwenye gagulo (lilikuwa limeshaharibika, nifanyeje), nikagawa nywele zake kwa kucha, nikaanza. Mstari wa kwanza walikuwa wanacheka. Wa pili wakasogea. Wa tatu wakainama, vichwa vinanizibia jua. Nilipoinua macho Aunty Pillay alikuwa amesimama kati yao, miwani ameisukuma juu, anaangalia vidole, halafu lile wigi, halafu mimi kuanzia nyayo mpaka kichakani.

"Duka utakuja kuliona sasa," akaniuliza, "au tuendelee kumsubiri yule madam?"

Nikavaa wigi langu linachuruzika, nikabeba furushi kichwani juu yake, nikamfuata. Tulipita barabara kubwa, mji umesharudi, kwenye robot madereva wananipigia honi, na mimi na gagulo langu nilitembea taratibu, sikuinamisha shingo. Chumba kilikuwa na dirisha kubwa linaloangalia bahari. Aunty Pillay akafungua madirisha yote kwa sababu yangu, akasema siku ya kuhamia nije nimeoga.

Maman Béa alinikuta mlangoni pa saluni, akavuta pumzi mara moja tu. Akaniuliza saluni nyingine ziko ngapi kule, sijui. Taxi zinasimama wapi, sijui, nilishuka tu.

"Sasa uliangalia nini?"

"Iko wateja, Maman," nikasema. "Wameshaniuliza tunafungua lini."

"Na pagne yangu iko wapi?"

Nikaweka furushi mezani nikalifungua. Akainua sadini mmoja kwa mkia, akamgeuza huku na huku. Halafu akasema mtu aweke mafuta jikoni. Tulikula sadini wa kukaanga na fufu mpaka wateja wa jioni wakasahau walikuja kusuka, na Maman Béa alipomaliza kunawa akanisogezea zile pagne kwa kidole kimoja, akasema zibaki kwangu, bosi hawezi kukosa pazia.

Ndizo mapazia ya saluni yangu mpaka leo, na siku za joto zinanukia kidogo, siwaongopei. Wigi liko dirishani. Kule wananiita Sisi Sadini, yaani Dada Sadini kwa lugha yao, watoto kwa wakubwa, na naitika. Nimeapa mambo mawili tu: sitaipa tena bahari mgongo, na yule Madam Zuhura mkinikuta naye popote, hata akiwa na gagulo, nitasema namjua.