Duka Lililojiingiza Pichani

Picha yangu inayosifiwa kuliko zote, ile ya duka la zamani lenye baraza mjini Kisii, sikukusudia kuipiga. Nimelikana jambo hili kwa miaka. Siku ile nililenga jengo jipya la vioo lililo nyuma ya duka. Kamera, ambayo nilikuwa bado sijaielewa, ikachagua baraza: nguzo za mawe ya kuchonga, mabati yenye kutu, mama kutoka Magwagwa na mikungu yake ya ndizi. Jengo la vioo likatoka kama ukungu. Msomi mmoja akaandika kwamba ukungu ule ni mashaka ya mpiga picha juu ya maendeleo. Nilimshukuru kwa kunielewa.

Ukweli ni kwamba napenda majengo marefu. Nilizaliwa upande wa Ikonge, katikati ya majani chai, ambako kanisa ndilo lililokuwa refu kuliko vyote. Mara ya kwanza kupanda lifti mjini nilifika juu, nikashuka, nikapanda tena, nikijifanya nimesahau kitu. Mpaka leo nashangazwa na jinsi mji huu ulivyong'ang'ania mteremko. Unaingia jengo kwa barabara ya juu, na bila kukanyaga ngazi hata moja unajikuta uko ghorofa ya tatu. Na kwenye paa huachwa nondo zimesimama. Niliwahi kuandika kwamba nondo hizo ni uchafu wa macho. Fundi mmoja kutoka upande wa ziwa, aliyejenga nusu ya mtaa wetu, akanisahihisha.

"Madam, mtu akikata nondo amesema amemaliza. Sasa hapa Kisii nani amemaliza?"

Lakini mtu wa makamo aliyesoma chuo kikuu anatarajiwa kuomboleza ya kale. Kukiri mbele ya wasomi wenzangu kwamba napenda vioo ni kama kuomba ugali wa mahindi mbele ya shangazi aliyekusongea ugali wa wimbi. Nikanyamaza, nikala sifa.

Nakala moja nilimpelekea mwenye duka. Ni mzee wa familia ya Kihindi. Baba yake ndiye aliyejenga duka hilo. Anauza vitambaa, na Ekegusii chake, lugha yetu ya Kisii, kimekipita changu. Aliitundika juu ya kaunta, karibu na picha ya marehemu baba yake.

Miezi kadhaa baadaye, mvua ya alasiri ilinikuta dukani humo. Mkewe akanivuta mkono hadi vyumba vya nyuma wanamoishi. Ndoo tatu zilikuwa zikikinga maji, moja kando ya kitanda.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo kwa sababu navaa miwani. Sijawahi kumfundisha mtu yeyote. "Tulikuwa tumeelewana. Tubomoe, tujenge, mimi nikae juu, pakavu. Fundi alikuwa tayari. Halafu wewe ukaleta picha."

"Mimi?"

"Wewe. Sasa anasema, jengo ambalo wasomi wanalipenda hivi nitalibomoaje? Mimi nakohoa, yeye anaangalia picha."

Nililala na kikohozi chake masikioni. Asubuhi nikarudi dukani.

"Bwakire, mzee."

"Bwakire mono, mwalimu. Umekuja kusalimia picha yako?"

"Nimekuja kuisema. Siku ile sikulenga duka lako. Nililenga lile la vioo."

Akavaa miwani, akaikaribia picha. "Hili la ukungu?"

"Hilo hilo."

"Na duka?"

"Lilijiingiza."

Akagusa ukingo wa picha kwa kidole. "Kila siku najiuliza, mbona nguzo ya kushoto imekatwa nusu? Nikasema, wacha, huo ni usomi."

Sikujua kama nicheke. Nikaomba mita mbili za kitambaa ambacho sikukihitaji. Siku zote huniongezea shubiri moja. Siku hiyo mkasi ulipita kwenye alama yenyewe. Kuhusu kujenga au kutojenga hakusema neno, nami sikuthubutu kuuliza. Kwa wiki kadhaa nilipita upande wa pili wa barabara, nikitazama nguzo zile na kuziona nzuri mno, nzuri kuliko zilivyo pichani. Kila mvua iliponyesha niliwazia ndoo.

Halafu mkewe akapiga simu.

"Mwalimu, ametia sahihi. Jumatatu wanaanza kutoa mabati."

"Hajakasirika?"

"Amekasirika sana. Tangu asubuhi anagombana na fundi."

"Kuhusu picha?"

"Picha gani? Kuhusu jiko langu! Yeye anataka dirisha liangalie mlima, fundi anataka liangalie barabara."

Nyuma yake nilimsikia mzee akifoka kwa Ekegusii, na yule fundi wetu wa ziwani akimjibu kwa Kiswahili kwamba mlima hauna habari.

"Wacha nikate simu," mama akasema. "Naenda kuwaambia nataka madirisha mawili."