Nilivyompita Sajenti Mlimani

Mguu wangu wa kushoto ulibaki kaskazini mwa nchi, kwenye barabara ya mchanga, miaka ya sitini. Nilikuwa dereva wa lori la jeshi. Asubuhi ile niliona udongo umefukuliwa upya, nikasimama, nikamwendea sajenti wangu, nikamwambia tusipite. Alikuwa kwenye lori la nyuma. Akapaza sauti, "Endesha!" Nikaendesha. Bomu lilikuwa chini.

Sajenti huyo alikuwa mtu wa kwetu, Mbooni. Alistaafu akiwa na miguu yake miwili, akawa mzee wa kanisa letu. Mimi nilikaa kitini. Kwa miaka mingi nilikula na kukaa, hata paja likakataa kuingia kwenye mguu wa bandia niliopewa.

Jumapili moja, mbele ya watu, alinipiga kofi tumboni. "Askari wetu huyu, mimba ni ya miezi mingapi?" Watu wakacheka. Mke wangu pia alicheka, kidogo, kisha akainamisha kichwa.

Kesho yake nilikwenda hospitali ya misheni. Dada wa mazoezi ya viungo alinizungushia utepe kiunoni, akanibana ngozi ya mkono na mgongo kwa vidole kupima mafuta. Akaniambia nitafute baiskeli kuukuu, niigeuze magurudumu juu, niifunge kwenye benchi, nizungushe pedali kwa mikono.

"Ukiweza kuimba, unajidanganya," alisema. "Ukiongea kwa shida, hapo moyo unafanya kazi."

Wiki za kwanza nilitapika. Kila mzunguko niliuona uso wa sajenti. Sikumwomba Mungu anisaidie kusamehe, nilimwomba pumzi.

Baada ya mwaka mzima, mizani ilisema uzito karibu uleule. Nilitaka kuitupa baiskeli. Dada yule akanionyesha utepe: kiuno kilikuwa kimepungua shibiri nzima. "Mafuta yametoka, nyama imeingia," alisema. Mguu wa bandia nao ukaingia.

Ukame ulipozidi, kanisa liliamua kupanda mlima kuombea mvua. Sajenti alitangulia, mnene, akiimba. Katikati ya njia nilimkuta ameketi juu ya jiwe, shati limelowa, anahema. Nilikuwa na magongo yangu mawili na pumzi ya kutosha.

"Nipe mkono, ndugu yangu," akasema.

"Kwanza sema. Nilikwambia udongo umefukuliwa, au sikukwambia?"

Akawatazama waliokuwa nyuma yetu. "Uliniambia."

"Kwa nguvu. Wasikie."

"Uliniambia! Nilikusikia!"

Nilidhani nikisikia maneno hayo nitalia. Sikulia. Niliona utamu tu, kama mtu aliyekunywa uji baada ya njaa. Mkono sikumpa. Nikampita.

Vijana walimshusha kwa blanketi. Mke wangu akaniuliza, "Sasa umeridhika?" Nikamwambia ndiyo, na ilikuwa kweli. Wiki iliyofuata sajenti alimtuma mkewe kuniomba radhi. Tulimkaribisha, tukampa chai, akanywa, akarudi kwake bila jibu.