Monowara, fundi aliyefuta kila kitu na hakurudi nyuma

Saa nne asubuhi. Katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya wasichana mjini Barishal, Monowara Khatun amechomeka ncha ya sari yake kiunoni, kidole kiko juu ya kitufe. Kwenye kioo cha kompyuta kuna swali moja tu: afute kila kitu?

Mlangoni amesimama Enayet Karim, mfanyabiashara aliyeiuzia shule hiyo diski kumi na mbili za mfumo mpya wa kompyuta. Amekunja mikono.

"Dada, usijitie kitanzi," anasema. "Hiyo ni diski ya kupandisha toleo. Lazima ikute mfumo wa zamani ndani. Ukifuta, itakukana mchana kweupe."

"Huo wa zamani umeoza kwa virusi, kaka. Wewe unajenga ghorofa juu ya msingi uliooza?"

Anabonyeza.

Kazi za wanafunzi alikwishazinakili pembeni tangu jana, lakini mashine yenyewe sasa ni tupu. Mtihani wa vitendo ni baada ya siku tisa, na wasichana sitini na wanne wanazitegemea kompyuta hizi. Dawa ya Enayet ni shule inunue diski kamili, zisizohitaji mfumo wa zamani, moja kwa kila mashine.

"Nikizinunua, paa la darasa la saba litasubiri mvua nyingine," anasema mwalimu mkuu, Bi Lutfunnesa. "Ndiyo maana nikamwita Monowara. Wote walisema haiwezekani. Yeye peke yake aliuliza kwa nini."

Monowara, mwenye miaka 43, alianza kama mpiga chapa nje ya mahakama. Taipureta zilipokosa wateja, alijifunza kompyuta kwa kufungua mashine mbovu ambazo wenzake walizitupa. Leo ana meza moja nyuma ya duka la fundi cherehani, na mwezi mzuri humpa elfu sita kwa taka, sarafu ya huko.

"Wateja huingia wakaniuliza fundi yuko wapi," anasema huku akicheka. "Nawaambia yupo, leo kavaa sari."

Kioo kinaomba namba ya leseni. Anaiandika taratibu, tarakimu kwa tarakimu. Mashine inakataa.

"Si nilikwambia?" Enayet anaruka. "Imekukana!"

"Imekataa namba, haijakataa diski. Tulia, unywe chai."

Anaifuta namba, anaacha nafasi ile wazi, kisha anaendelea. Mashine haisemi kitu. Inaanza kunakili. Siri hii, anaeleza, aliipata kwa hasira. Aliharibu kompyuta yake mwenyewe mara mbili, na mara ya tatu akachoka kuandika namba inayokataliwa, akaiacha wazi. Mashine ikapita.

Dakika ya thelathini, feni ya darini inapunguza mwendo, kisha inasimama. Umeme umekatika. Betri ya akiba ya chumba hicho ilikufa zamani. Kioo kinazimika, kazi ikiwa nusu.

Enayet anacheka waziwazi. "Hata umeme wenyewe umeona aibu! Nenda nyumbani, dada. Kesho nitaleta diski za kweli."

Monowara anavuta kiti, anakaa, anafungua pakiti ya bisi za mchele.

"Nenda wewe," anasema. "Mimi nimeitwa hapa."

Umeme unarudi saa saba. Anaanza upya, kutoka mwanzo kabisa, bila kuandika namba. Safari hii mfumo unakaa, msafi, ingawa unadai namba ndani ya siku thelathini. Hapo Monowara anafanya jambo linalomtoa Enayet mlangoni hadi mezani. Akiwa ndani ya mfumo huo mpya, anaiendesha diski ileile kwa mara ya pili na kuchagua kupandisha toleo.

"Unaupandisha juu ya nini?" Enayet anauliza.

"Juu yake wenyewe. Si ilitaka ikute mfumo ndani? Basi imeukuta."

Saa kumi jioni anaandika namba. Kioo kinatulia kidogo, kisha kinajibu: imekubaliwa.

Bi Lutfunnesa anapiga makofi peke yake. Enayet amekunja uso. "Huo ni wizi."

Monowara anafungua faili na kutandaza karatasi kumi na mbili za leseni za toleo la zamani, zote zikiwa na mhuri. "Haki ya zamani tunayo. Diski mpya tumenunua, tena kwako. Niambie, kaka, nimeiba nini?"

Enayet anazitazama karatasi, moja baada ya nyingine. Anaondoka bila kuaga.

Mashine kumi na moja zimebaki, na mwalimu mkuu amempa chumba kwa siku nne. Lakini Monowara anaposema juu ya matumaini yake, hazungumzii shule hii. Amesikia kwamba shule nyingine tatu zimeambiwa zinunue upya.

"Jumamosi naanza na ile ya ng'ambo ya mto Kirtankhola," anasema. "Wasiponifungulia, nitasimama getini niwasomee hatua zote kwa sauti. Asikie anayenunua, asikie na anayeuza."