Mkebe wa Trupti

Uchovu wa Annonciata haukuwa ule wa kulala ukaisha. Alfajiri alisafisha ofisi mjini, mchana alimhudumia Trupti, ajuza wa Kigujarati aliyezaliwa Kisumu na kuzeekea Sparkbrook, mtaa wa Birmingham, na jioni wanawe walimngoja awapikie. Akiketi tu, usingizi humbeba na kijiko mkononi.

Katika nyumba ya Trupti palikuwa na kitu kimoja kilichomkera: mkebe wa majani ya chai, wa fedha halisi, kazi ya Waingereza wa kale, ambao marehemu mumewe, Kishore, alimnunulia walipohamia Birmingham. Ulinakshiwa ndege na maua, na ndani ya kila nakshi mlikuwa na weusi. Kwao Annonciata, Bukavu huko Kongo, sufuria yenye weusi ni aibu ya mwenye jiko. Basi Trupti alipokwenda kwa bintiye Leicester kukaa msimu wa baridi, Annonciata akajitwisha kazi ambayo hakutumwa na mtu. Kila alipokuja kuangalia nyumba alichukua sufu ya chuma na mchanga, akasugua huku mgongo unamuuma. Mkebe ukang'aa, naye akafurahi, maskini.

Nani angemwambia kwamba weusi ule huachwa makusudi ili nakshi ionekane, na kwamba nakshi yenyewe ni mikwaruzo myembamba tu, inayofutika ikisuguliwa?

Trupti akarudi. Kisukari kilikuwa kimemwachia macho ya kuona mwanga tu, kwa hiyo mkebe wake aliuangalia kwa vidole. Annonciata akamwekea mapajani, akangoja sifa. Vidole vikapita upande huu, vikapita upande ule, vikaanza upya.

"Hii si yangu," Trupti akasema. "Yangu iko na ndege hapa. Nani ameingia kwa nyumba, Annonciata? Wameiba yangu, wameniwachia hii."

Ingekuwa rahisi kuitikia. Mwizi angelaumiwa, na kazi ingebaki. Lakini hata uongo unataka nguvu, na Annonciata hakuwa nazo. Akajibwaga kwenye zulia.

"Mama, njo yenyewe, njo mukebe yako. Hakuna mwizi. Ni miye nilisugula, nilizani ni buchafu. Unisamehe."

Trupti hakufoka. Akamsogezea mkebe.

"Basi niambie. Ile ndege ilikuwa inaangalia wapi? Mimi nilikuwa naishika tu, miaka mingi sijaiona. Wewe uliiona juzi juzi. Sema, nitaikumbuka."

Annonciata akafumba macho, akaitafuta. Msimu mzima wa baridi alikuwa na mkebe ule mikononi, na hakumwona ndege hata mara moja. Aliona uchafu tu.