Teke la zimwi na neno "die": game ya mitumba ilivyotaka kuninyima mke Sumbawanga

Wakuu, salaam. Mimi ni wa Sumbawanga, na radi ya kwetu mnaijua inavyotumwa kwa waongo, kwa hiyo siwezi kuja kudanganya humu.

Ni enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imeanza kumwagika sokoni. Kwenye belo moja likatoka boksi la game ya mpira: uwanja wa karatasi, wachezaji mazimwi yenye meno, dadu moja na kitabu cha sheria kwa kimombo.

Aliyelinunua ni kaka Gaudensi. Huyu bwana alisoma seminari akarudishwa nyumbani, ila kimombo alidai wamemwachia.

Mimi nilikuwa namtaka mdogo wake, Odilia. Baba yao alishafariki, kwa hiyo mlango wa ile nyumba ni Gaudensi, na mshenga wangu alishazungushwa hadi soli zikaisha.

Siku hiyo akaniambia, "Ukinifunga kwenye hii game, mshenga aje Jumapili. Nikikufunga, mdogo wangu umsahau."

Sasa sikieni sheria ya kupiga teke: "To kick, roll a die."

Gaudensi akakohoa, akatafsiri: "Ili kupiga teke, viringika, ufe."

"Kaka, mtu anakufaje kwa kupiga mpira?"

"Wazungu hawana mchezo."

Basi kila zimwi likipiga teke tunalilaza kwenye kopo la mafuta, Gaudensi analiombea raha ya milele. Dadu imebaki kwenye boksi, eti ni nyongeza ya watoto!

Tumezika mpaka nikabaki na zimwi moja, mpira uko mbele ya goli la Gaudensi. Nikasema napiga, nife, lakini goli.

"Marehemu hafungi goli," akasema.

Jasho lilinitoka, na baridi yote ile ya kwetu. Naona mke anaondoka hivi hivi.

Odilia alikuwa anapepeta ulezi mlangoni. Akaja, akachukua kitabu. "Kaka, hii die siyo kufa. Ni dadu moja, unairusha. Zikiwa nyingi ndiyo dice."

Akaendelea kusoma: ikitoka mbili kwenda juu, goli. Ikitoka moja, mpigaji ameteleza.

Nikarusha. Moja. Jamani!

Gaudensi akasimama kabisa, ananipa mkono wa kuniaga.

"Subiri," Odilia akasema, macho kitabuni. "Hapa chini wanasema akiteleza mara ya kwanza anarudia."

Kaka mtu hakuthubutu kubisha, ile die bado inamuuma. Nikarudia, ikatoka nne. Mshenga akaja Jumapili.

Juzi kati tunahama nyumba, nikalikuta lile boksi. Siku hizi kimombo kinapanda kidogo, nikasoma kitabu chote, mpaka nyuma ya jalada.

Wakuu, hakuna kurudia.

Nikamwangalia mama watoto, anafunga vyombo, anaimba zake. Nikakirudisha kitabu taratibu. Niliipenda upya ile sura, nawaambia ukweli.

Nilichojifunza: kabla hujaogopa sheria, angalia anayekusomea anakutakia nini.

Mnaozijua hizi game, semeni, kuna toleo lenye kurudia? Kama halipo, nyamazeni tu. Shemeji yangu naye ni member humu, asije akadai mechi irudiwe.